Tofali la Safu ya Tatu

Halmashauri ilinituma na futikamba ya mita thelathini,
kalamu mbili, na fomu zenye visanduku:
Jengo. Mwaka. Hali. Mmiliki.
Nikashuka Lwangili saa moja asubuhi,
ukungu bado haujaamua kuuachia Ruaha Mdogo.

Nilianza na boma.
Ukuta wake unene wa mkono mzima na kiganja,
vitundu vyembamba vya watu waliotarajia risasi.
Leo ndani yupo mtendaji wa kata na muhuri wake,
na katika kitundu kimoja mtu kapachika
mswaki, sabuni, na kioo kilichovunjika.
Hali: nzuri, nikaandika, nikaendelea.

Kwa Walji, juu ya mlango, chokaa iliyochongwa:
1934, na tausi aliyepoteza kichwa.
Nguzo za baraza zimeng'aa kwa migongo
ya wakulima waliosubiri bei ya pareto ipande.
Haikupanda. Walji akafunga, akahama na funguo.
Sasa wanaegemea vijana wa bodaboda,
migongo mipya, ung'aavu uleule.

Kanisani kengele ni kipande cha reli.
Reli haijawahi kufika huku.
Kilifika kipande hicho kimoja, kwa mabega ya watu,
kikaning'inizwa mkuyuni na kupewa kazi ya Mungu.

Darajani nikahesabu mbao: arobaini na moja.
Mapengo: sita.
Mapengo hayana kisanduku.
Chini yake maji yalipita bila kuniangalia,
mekundu, mazito, kama uji wa ulezi.

"Kamwene!"
Mama mmoja, kanga kiunoni, unga hadi kwenye nyusi.
"Kamwene, mama."
"Fidia ipo?"
"Hapana, mama. Ni orodha tu."
Akatema pembeni, akapangusa mikono.
"Basi njoo uorodheshe na langu."

Alijitaja njiani, Sekinyaga, bila kugeuka.
Akanipitisha nyuma ya kinu cha maji,
gurudumu limebaki mbavu, matete yamemea katikati,
akainama pale ukuta unapokutana na upupu,
safu ya tatu kutoka chini,
akakwangua ukoga kwa ukucha wa gumba.

Unyayo.
Wa mtoto, wa kulia, umezama katika tofali
kama jana.

Ni wa Yoswita, akasema, dada yangu.
Udongo wa mji huu wote ulichimbwa pale kwenye kona ya mto,
boma, duka, kanisa, vyote,
na baba alikuwa mfyatuaji.
Yoswita akakanyaga tofali bichi akifukuza kuku.
Akachapwa. Tofali likaingia tanuruni hivyohivyo,
kwani kuni zilikuwa za kukopa.
Masika yaleyale surua ikapita nyumba kwa nyumba.
Tukamzika ukingoni, penye mteremko laini.
Mwaka wa mafuriko mto ukarudi kuchukua udongo wake,
ukachukua na yeye.

Picha hatukuwa nayo. Nani angekuwa na picha?

Nilipiga magoti kwenye upupu, sikujali.
Nikalaza futikamba kutoka kisigino hadi dole gumba.
Kidole cha mwisho hakikugusa vizuri,
kama cha mtu ambaye tayari anaondoka.

Kwenye fomu, penye Mmiliki,
nilikuwa nimekwisha kuandika: Halmashauri.
Nikaikata kwa mstari mmoja.
Juu yake hapakubaki nafasi ya jina refu,
nikaliandika pembeni, wima,
herufi zikipanda karatasi.

"Imesoma ngapi?" akauliza.
"Kumi na tano na nusu."
"Kumi na tano na nusu nini?"
Nikamwonyesha kwa vidole viwili, hewani.

Akaitazama ile nafasi kati ya vidole vyangu
muda mrefu, unga ukimkauka usoni.
Mimi nilikuwa wa mgongoni mwake, akasema.
Alinibeba hadi kisimani na kunirudisha.

Nilidhani alikuwa mkubwa.